Sauti ya Kirino

Sajenti Mwaija alipoingia kituoni asubuhi, alimkuta Sabina amekaa palepale alipomwacha jana jioni: sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameikunja, macho hayatoki kwenye mlango wa mahabusu.

"Mama Rose, hukwenda nyumbani?"

"Nikafanye nini nyumbani?" Sabina hakugeuza shingo. "Huyo humo ndani anajua alipo mwanangu. Mbaneni aseme. Mkishindwa, nipeni mimi."

Mwaija alipita kuelekea ofisi ya mkuu wa upelelezi.

Rose, mtoto wa miaka saba, alipotea Jumamosi mchana, mvua kubwa ikinyesha, kwenye njia ya nyuma ya viwanda vya Nyakato. Alitumwa chumvi. Kilichopatikana njiani ni ndala yake moja tu, imezama kwenye tope. Mtoto angekuwa mzima wa afya, pengine polisi wangekuwa na nafasi ya kuvuta pumzi. Lakini Rose alizaliwa na selimundu. Akikaa na kiu, akipigwa na baridi, maumivu humwingia mpaka kwenye mifupa na damu humwishia mwilini. Daktari wake hakuficha kitu alipozungumza na Mwaija kwa simu. "Kama hapati maji na dawa, usihesabu wiki, hesabu siku."

Leo ilikuwa Jumatatu.

Na mtu waliyemshika alikuwa mmoja tu, Lukman, mkodishaji wa muziki wa harusi wa Buzuruga. Alishikwa kwa sababu ya masikio ya mtu mwingine. Mtu huyo ni Ngosha, aliyekuwa amelala chumbani kwake Nyakato, mguu kwenye plasta, mvua inapiga bati. Alisikia gari likipita na muziki. Akasikia muziki umekatika ghafla, mtoto amelia mara moja, kisha gari limeondoka kwa kasi. Hakuona chochote. Ila alipoulizwa, hakusita hata kidogo.

"Ile ni Kirino," alisema. "Na Kirino Mwanza nzima anayo Lukman peke yake."

Kirino ni jina la risiva, ile mashine inayopokea wimbo, ikautia nguvu na kuupeleka kwenye spika. Ya Lukman alitumiwa na binamu yake kutoka Kampala. Na Ngosha si mtu wa kubishiwa katika mambo hayo. Kamati za harusi kutoka Igoma hadi Kirumba humwita kabla ya kukodi, asikilize, atoe hukumu. Polisi walikwenda ghalani kwa Lukman, wakaikuta Kirino kabatini, wakaibeba, wakaibandika kibandiko cha kielelezo. Tangu siku hiyo hakuna aliyetafuta kitu kingine.

Mkuu wake Mwaija alimpokea amesimama. "Nakupa mpaka adhuhuri. Baada ya hapo namkabidhi kwa vijana wa mkoa. Wale hawana subira kama yako."

"Afande, na kama si yeye?"

"Basi niletee ambaye ni yeye."

Lukman alitolewa mahabusu macho mekundu, mdomo umepasuka pembeni. Alipomwona Mwaija alijaribu kusimama vizuri.

"Dada Mwaija, wallahi nakuapia. Jumamosi mvua iliniharibia kazi, nikalala ghalani. Kirino haikutoka kabatini."

"Nani alikuona umelala?"

"Mtu akilala peke yake nani amwone?"

"Ngosha ameisikia ikipita nyuma ya nyumba yake."

"Basi kuna Kirino nyingine mjini."

"Ipo?"

Lukman aliinamisha kichwa. "Haipo. Ingekuwepo ningeshaisikia."

"Ungeijuaje?"

"Kwa sauti, dada. Kila mashine ina sauti yake. Kirino ni Kirino, Valdo ni Valdo. Nani asiyejua?"

Mtu huyu alikuwa anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, na ufunguo anautupa. Shahidi anasema mashine hutambulikana kwa sauti. Mtuhumiwa naye anasema hivyohivyo. Mkuu wa upelelezi anaamini, mama wa mtoto anaamini, mji mzima unaamini.

"Nani aliwahi kupima?" Mwaija aliuliza.

"Kupima nini?"

"Kama ni kweli."

Lukman alicheka kidogo, mdomo ukamuuma, akaushika.

*

Ghala la Lukman liko nyuma ya stendi ya Buzuruga, chumba kimoja kirefu chenye harufu ya rangi na vumbi. Konstebo Nestory alimleta Lukman na pingu, akamketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kirino ilirudishwa mezani na kibandiko chake. Kando yake Fundi Machibya, mtengeneza redio wa siku nyingi, aliweka Valdo yake mwenyewe na nyingine ya Kichina isiyo na jina la maana. Zote zingepiga wimbo mmoja, kwenye spika zilezile za Lukman, masanduku mawili meusi marefu kama makabati. Katikati walitundika turubai ili msikilizaji asione mashine ipi inapiga.

"Sajenti, unapoteza muda wa mtoto wa watu," Machibya alisema akimenya nyaya. "Nimeanza kufungua redio hujazaliwa. Kirino ina besi nzito. Valdo sauti nyembamba. Hii ya Kichina inapiga kama sufuria. Hata mke wangu anajua, na hasikii vizuri."

"Shikamoo, fundi. Unganisha tu."

"Marahaba. Naunganisha."

Ngosha aliletwa na bajaji. Aliteremshwa, plasta mbele, magongo kwapani, akakaribishwa kiti. Alizungusha macho kama bwana harusi.

"Mnanipima mimi? Haya. Kesho mpimeni na samaki kama anajua kuogelea."

"Sikiliza, utaje jina," Mwaija alimwambia. "Basi."

Wimbo ukapigwa. Ngosha alifumba macho, akainua kidole. "Hiyo ni Kirino."

Nyuma ya turubai, kweli ilikuwa Kirino. Nestory alimtazama sajenti wake kwa huruma. Lukman juu ya ndoo alifunika uso.

Machibya akahamisha nyaya. Wimbo uleule.

"Valdo," Ngosha alisema. Ilikuwa Valdo.

Nyaya zikahama tena. Mwaija sasa hakuwa anasikiliza wimbo. Alikuwa anatazama mkono wa fundi. Mkono uliwasha, ukazungusha kitufe cha sauti, ukasimama.

"Kirino tena," Ngosha alisema bila wasiwasi.

Ilikuwa ile ya Kichina.

"Amechoka," Machibya alisema haraka. "Mguu unamuuma."

"Mguu na masikio wapi na wapi?" Mwaija alisogea mezani. "Fundi, hii umeipandisha sauti."

"Sijapandisha. Nimeweka namba tano, kama zile nyingine. Angalia mwenyewe."

"Namba tano ya hii na namba tano ya Valdo, nguvu ni moja?"

Machibya alikuna kidevu. "Hapana. Ya Kichina ina kelele. Na Kirino inaizidi Valdo. Kila mmoja kiwandani ameweka namba zake anavyotaka."

"Kwa hiyo alichokiita Kirino ni ile iliyopiga kwa nguvu."

"Sijasema hivyo."

"Una kipimo cha sauti?"

Alikuwa nacho kwenye simu. Mwaija aliiweka simu kwenye kiti, pale masikio ya Ngosha yangekuwa, akamwambia fundi aziwashe mashine moja baada ya nyingine na azishushe au azipandishe mpaka kipimo kiseme namba moja kwa zote tatu. Hapo Machibya akaweka alama za chokaa kwenye vitufe. Wakaanza upya.

Mara ya kwanza Ngosha alichelewa kujibu. "Valdo." Ilikuwa Kirino. Mara ya pili akasema Valdo tena, akajirudi, akasema ya Kichina, akaomba wimbo urudiwe. Jasho lilianza kumtoka. Walirudia na kurudia, wakichanganya bila mpango. Akipata moja anakosa moja, kama mtu anayerusha sarafu. Mwishowe alipiga gongo lake sakafuni.

"Mnanichezea! Hapo hakuna Kirino. Mmeificha!"

Mwaija alivuta turubai. Kirino ilikuwa inapiga, taa yake ya kijani inawaka mbele ya macho yake.

Kisha Machibya, mtu mzima, alikwenda akaketi mwenyewe kwenye kile kiti, akageuzia meza mgongo. "Nipigieni mimi," alisema. Nestory alihamisha nyaya kama alivyoona fundi akifanya. Machibya alikosa ya kwanza. Akakosa ya pili. Ya tatu hakutaka kujibu.

"Zote zinafanana," alisema polepole. "Ukizisawazisha, zinafanana. Miaka yote hii nagombana na watu bure."

Nestory alishindwa kujizuia. "Afande! Ushahidi umekufa. Lukman anatoka!"

"Na mtoto anatoka wapi?" Mwaija aliuliza.

Nestory akaurudisha ufunguo wa pingu mfukoni.

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi walikuwa na mtu asiyesema. Sasa hawakuwa na mtu kabisa. Jua lilikuwa limeshapanda, na mahali fulani mtoto wa miaka saba alikuwa na kiu, na kitu pekee walichokuwa nacho, masikio ya Ngosha, Mwaija alikuwa amekivunja kwa mikono yake.

"Mimi si mwongo," Ngosha alisema. Sauti yake haikuwa tena na majivuno. "Jumamosi nilisikia, sajenti. Nakuambia kama namwambia mama yangu. Ile besi naijua. Wimbo ukishuka chini kabisa, inakoroma mwishoni, kama mzee aliyelala chali. Kirino inakoroma hivyo tangu naijua. Hapa leo hakuna iliyokoroma."

Mwaija aligeuka. "Rudia."

"Inakoroma mwishoni."

"Siku zote?"

"Harusi zote alizopiga Lukman, mpaka nilipovunjika mguu."

"Basi kwa nini leo haikoromi? Mashine ni ileile. Ina kibandiko changu."

Mwaija alianza kugusa vitu kimoja kimoja. Mashine, ileile. Wimbo, wa Ngosha mwenyewe, aliuchagua yeye. Nyaya ni nyaya. Alifika kwenye sanduku la spika, akaweka kiganja juu ya mbao. Rangi ilikuwa laini na iling'aa. Harufu ya rangi aliyoisikia tangu anaingia ilitoka hapo.

"Lukman. Masanduku haya ni ya lini?"

"Mapya hayo. Nilichongesha kwa seremala wa Nyakato, baada ya Idi."

"Ya zamani yako wapi?"

"Nilimwachia mtu. Yalikuwa yamechoka, moja ubavu wake ulipasuka, mbao inatetemeka ukiweka besi." Alipokwisha kusema hivyo, Lukman mwenyewe alisimama kutoka kwenye ndoo, pingu mkononi, mdomo wazi.

"Mtu gani?"

"Josephat. Wa Kisesa. Anatangaza dawa za mifugo minadani, na pikapu."

"Kwa nini hukusema?" Nestory alifoka. "Siku zote hizi!"

"Mliniuliza masanduku? Mliuliza Kirino! Niliwaambia iko kabatini, mkaichukua!"

Alikuwa sahihi. Kwa watu wa kazi hii, muziki hupewa jina la mashine. Watu husema Kirino imepiga, Valdo imepiga. Mashine huwekwa mezani mbele, taa zinawaka, wageni wanaiona. Masanduku hutengenezwa na maseremala wa hapahapa, hayana jina, na kwenye harusi hufunikwa vitambaa vyeupe ili yasiharibu picha. Ngosha alikuwa ameisikia mbao iliyopasuka, akaipa jina la chuma kilichokuwa mezani. Na polisi wakalala siku mbili na chuma hicho kituoni.

"Mfungue pingu," Mwaija alisema. "Pikipiki yako ina mafuta?"

*

Gari la kituo lilikuwa limekwenda Magu. Walipanda pikipiki ya Nestory, Mwaija nyuma, wakapita Igoma bila kupunguza mwendo.

Kwa Josephat hapakuwa pa kutafuta. Pikapu ilikuwa uwanjani, mbele ya nyumba. Nyuma ilibeba masanduku mawili meusi yaliyochakaa, na juu ya kichwa cha gari palifungwa spika ya honi. Josephat, mwanaume mnene mwenye kofia ya kufuma, alikuwa anapanga chupa za dawa kwenye katoni.

"Karibuni! Dawa ya kupe, dawa ya minyoo, ya—" Aliona sare ya Nestory, tabasamu likabaki usoni bila kazi. "Karibu, afande."

"Washa muziki," Mwaija alisema.

"Muziki?"

"Weka besi."

Josephat aliingia ndani ya gari, akawasha. Risiva iliyokuwa chini ya dashibodi ilikuwa Valdo. Wimbo ulishuka chini, na sanduku la kushoto likakoroma, mwishoni kabisa, kama mzee aliyelala chali.

"Zima. Jumamosi wakati wa mvua ulipita nyuma ya viwanda vya Nyakato."

"Mimi? Hapana." Josephat alishuka, akarudia chupa zake. "Jumamosi nilikuwa hapahapa."

"Gari lako lina tope mpaka madirishani. Bampa ya mbele peke yake imeoshwa."

"Iliingia kinyesi cha ng'ombe, afande. Minadani tunakanyaga—"

"Josephat." Mwaija alimsogelea mpaka akasikia pumzi zake. "Sikuulizi kama ulimgonga. Hilo tutalizungumza siku nyingine. Nakuuliza alipo, kwa sababu yule mtoto ana selimundu."

Chupa ilianguka mkononi mwa Josephat, ikavunjika miguuni.

"Hakusema," alinong'ona. "Hakuniambia. Mdogo wangu alikufa nayo. Ningejua…"

"Yuko wapi?"

"Alitoka mbio kwenye mvua, anaufuata muziki, anacheza. Nilikanyaga breki, gari likateleza. Mguu ulivunjika. Nikaona watu wakitoka nje watanichoma pamoja na gari. Nikampakia." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Sikumtupa, afande! Yuko zahanati, njia ya Bujora. Nilisema ni mtoto wa dada yangu. Nilikuwa nangoja apone nimrudishe kwao usiku, nimwache mlangoni."

"Ingia kwenye gari. Nestory, endesha."

Muuguzi wa zahanati aliwapokea mlangoni na uso wa mtu aliyeshindwa. "Wewe ndiye mama yake? Homa imempanda tangu jana. Mguu tuliufunga vizuri, lakini analalamika mwili mzima. Tumempa dawa ya malaria, homa haishuki. Na macho yamekuwa ya njano."

"Ana selimundu."

Muuguzi alimgeukia Josephat. "Nilikuuliza! Nilikuuliza mtoto ana ugonjwa gani!" Hakungoja jibu. Alikimbia ndani, na Mwaija akamfuata.

Rose alikuwa mdogo kuliko kwenye picha. Midomo yake ilikuwa imepauka na kupasuka. Muuguzi alihangaika na mshipa, akakosa, akahangaika tena, dripu ikaanza kutiririka.

"Hapa sina damu," alisema bila kuinua macho. "Apelekwe hospitali ya Bugando. Sasa hivi, siyo baadaye."

"Mna gari la wagonjwa?"

"Hatuna."

Mwaija alitoka uani. "Shusheni masanduku. Tandikeni godoro."

Nestory alisita, mkono kwenye kamba. "Afande, hivi ndivyo vielelezo. Tusipovifunga vizuri, mahakamani—"

"Shusha!"

Masanduku yalisukumwa yakaanguka chini, moja likapasuka katikati. Godoro likatandikwa. Muuguzi akapanda na dripu ameinua juu, Josephat akamshika mtoto mguu usitikisike. Mwaija alikaa mbele kando ya Nestory, akapiga simu kituoni, akaomba apewe mama aliyekaa sakafuni.

"Mama Rose, nimempata."

Upande wa pili simu ilikwaruza, kama imebanwa kifuani.

"Mama Rose, unanisikia? Anapumua. Njoo Bugando."

"Anapumua vipi?"

Mwaija aligeuka, akatazama kupitia kioo cha nyuma. "Njoo tu, mama. Njoo haraka."

Walipofika Igoma, barabara ilikuwa imefungwa. Malori ya pamba yalisimama pua kwa mkia, bajaji zimejipenyeza katikati, kundi la ng'ombe linavuka bila haraka. Nestory alipiga honi. Ilitoa mlio mwembamba ambao hata ng'ombe hawakuujali.

"Damu yake inashuka!" muuguzi alipiga kelele kutoka nyuma. "Sajenti, hatusimami hapa!"

Josephat aligonga bati kwa ngumi. "Kipaza sauti! Kiko chini ya kiti!"

Mwaija aliingiza mkono, akakipata. Alibonyeza Valdo, taa ikawaka, spika ya honi juu ya gari ikakwaruza. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Kwenye gwaride wakubwa walikuwa wakimrudisha aitike upya. Alikiweka mdomoni.

"Tupisheni," alisema, na sauti ikatoka juu ya vichwa vya watu kubwa kuliko yeye. "Tupisheni! Tuna mtoto hapa! Wa bajaji, rudi nyuma! Baba wa lori, nakuomba, panda kando! Ni mtoto wa miaka saba, anaitwa Rose, mama yake anamngoja. Tupisheni!"

Dereva wa lori la kwanza alichungulia dirishani, akaona dripu iliyoinuliwa, akalipandisha lori lake kwenye tope la kando ya barabara. La pili likamfuata. Wachungaji waliwachapa ng'ombe, wauza ndizi wakavuta mikokoteni yao, vijana wa bodaboda walishuka wakaanza kusukuma bajaji kwa mikono. Nestory alikanyaga mafuta.

Nyuma, muuguzi alikuwa amemwinamia Rose, sikio kifuani, haonyeshi uso wake. Mwaija hakuthubutu kumtazama mara ya pili. Barabara mbele yao ilikuwa imeshakuwa nyeupe mpaka Nyakato, hakuna gari, hakuna ng'ombe, na yeye alikuwa bado anapiga kelele kwenye kile kipaza sauti, anaomba wapishwe.